NURU NA WENYE NURU
Kuisoma Upya Hadithi ya Hayy bin Yaqdhan



Hapana neno linalotajwa sana siku hizi kama neno "mwangaza". Mzazi humpeleka mwanawe skuli ili apate mwangaza. Mwanasiasa husimama jukwaani akadai kuwa chama chake ndicho kilichowaletea watu mwangaza. Kijana aliyesoma vitabu viwili vitatu hujiona amefunguka macho, na wenziwe waliobaki mtaani, kwake yeye, wamo kizani. Na msikitini nako Sheikh hutuombea Mwenyezi Mungu atutie nuru nyoyoni mwetu, nasi hujibu "Amin" kwa sauti moja. Neno ni moja, lakini maana zake si moja. Basi katika makala haya tunataka kuuliza maswali matatu: Nuru hii ni kitu gani? Hupatikana vipi? Na la tatu, ambalo kwetu sisi ndilo zito kuliko yote: aliyeipata yampasa afanye nini nayo?

Tungeweza kuyajibu maswali haya kwa maneno ya jumla, lakini maneno ya jumla ni kama moshi wa udi: hunukia, kisha hupotea. Tumeona bora tukichukue kitabu kimoja kilichoandikwa na Muislamu, kikasomwa na Waislamu na wasiokuwa Waislamu kwa muda wa zaidi ya miaka 800, tukipime kwa mizani ya dini yetu. Tutakisifu panapostahili sifa, na tutakikosoa panapostahili kukosolewa. Kitabu hicho ni Hayy bin Yaqdhan, jina ambalo maana yake ni "Aliye Hai, Mwana wa Aliye Macho".

Mwandishi na hadithi yake

Mwandishi wake ni Abu Bakr Muhammad bin Abdul Malik bin Tufayl, aliyezaliwa Wadi Ash, karibu na Granada katika nchi ya Andalus, mwanzoni mwa karne ya 12. Alikuwa tabibu wa Sultani Abu Yaqub Yusuf wa dola ya Muwahhidun, na alifariki Marrakesh mwaka 1185. Yeye ndiye aliyempeleka Ibn Rushd mbele ya Sultani huyo, na kwa sababu hiyo ana mkono wake katika vitabu vikubwa alivyokuja kuviandika Ibn Rushd.

Hadithi yenyewe ni ya mtoto aliyekulia peke yake katika kisiwa cha Bahari ya Hindi. Mwandishi anatupa habari mbili za asili yake. Wako wasemao kwamba alitokana na udongo uliochachuka kwa joto la nchi ile, bila ya baba wala mama. Na wako wasemao kwamba alikuwa mwana wa dada wa mfalme wa kisiwa cha pili, aliyeolewa kwa siri, akamwogopa nduguye, akamtia mwanawe sandukuni na kumwachia bahari, kama alivyoachiwa mto Nabii Musa (A.S.). Vyovyote iwavyo, paa jike aliyepotelewa na mtoto wake alimsikia kichanga yule akilia, akamwendea, akamnyonyesha.

Mtoto akakua kwa maziwa ya paa. Siku moja paa akafa. Mtoto akamwita kwa sauti aliyozoea kuitikiwa, asiitikiwe. Akamtazama masikio, akamtazama macho, asione ila. Kwa kutaka kumrudishia uhai, akampasua kifua kwa mawe makali na vipande vya matete, mpaka akaufikia moyo. Ndani ya moyo akakuta chumba kimoja kina damu iliyoganda, na cha pili ki kitupu. Hapo ndipo alipotambua kwamba yule mama aliyempenda hakuwa mwili huu uliolala mbele yake. Alikuwa ni kitu kilichokaa katika chumba kile, nacho kimekwenda zake. Kisha akaona kunguru wawili wakipigana, mmoja akamuua mwenziwe na kumfukia mchangani, naye akamzika mama yake hivyo hivyo.

Kuanzia hapo Hayy hakuacha kutafuta. Akaujua moto na kazi zake. Akachunguza wanyama na mimea, maji na mawe. Akainua macho kuzitazama nyota na mwendo wake, na akaona kuwa kila kilichotukia kina kilichokitukiza, mpaka akili yake ikamfikisha kwa Muumba asiyekuwa na mwili wala mfano. Alipofika miaka 35 hakuwa tena na shughuli ila kumfikiri Yeye. Na alipokaribia miaka 50 akili na fikra zilikuwa zimemfikisha mlangoni. Kilichofuata hakikuwa cha fikra. Kilikuwa ni kushuhudia, hali ambayo mwandishi anasema haina maneno ya kuielezea.

Basi ikatokea kwamba katika kisiwa cha jirani walikuwako watu wenye dini iliyoletwa na mmoja wa Mitume. Walikuwako marafiki wawili, Absal na Salaman. Absal alipenda kupekua maana za ndani na kukaa faragha, na Salaman alipenda dhahiri ya sharia na kukaa na watu. Absal akahamia kisiwa cha Hayy kutafuta upweke. Wakakutana. Absal akamfundisha Hayy kusema, kwa kumwonesha kitu na kukitaja jina lake. Na walipoweza kuzungumza, ilibainika kwamba yale aliyoyashuhudia Hayy kwa upweke wake na yale aliyoyaleta Mtume kwa wahyi ni kweli moja. Hayy akaamini, akasali, akafunga.

Lakini Hayy akashangaa: kwa nini Mtume amewapigia watu mifano badala ya kuwafunulia kweli waziwazi? Na kwa nini watu wameruhusiwa mali na biashara? Akawaonea huruma, akataka awaendee. Jahazi iliyopotea njia ikawachukua wote wawili mpaka kisiwa cha Salaman. Hayy akaanza kuwafundisha watu wateule wa mji ule, rafiki zake Absal. Kila alipovuka dhahiri kidogo, nyuso zao zilimchekea na nyoyo zao zikamkataa. Mwisho akakata tamaa. Akamwomba radhi Salaman, akawausia watu washike sharia zao na wajiepushe na uzushi, kisha yeye na Absal wakarudi kisiwani kwao, wakamwabudu Mwenyezi Mungu mpaka mauti yakawajia.

Hiyo ndiyo hadithi, kwa ufupi.

Sifa zinazostahili

Mwaka 1671 mwana wa mwanachuoni mmoja wa Oxford, aitwaye Edward Pococke kama baba yake, alikitia kitabu hiki katika Kilatini. Mwaka 1708 Simon Ockley akakifasiri kwa Kiingereza kutoka Kiarabu chenyewe. Kikasomwa sana Ulaya katika miaka ile ile ambayo watu wa huko walianza kusema kwamba zama zao ni zama za nuru.

Kwa ajili hii wako miongoni mwetu wanaokitumia kitabu hiki kama nishani ya kifuani. Husema: "Tazameni! Wazungu wameichukua nuru kwetu!" Maneno haya yana kweli ndani yake, lakini hayatushibishi. Kujivunia kitabu cha babu ambacho hujakisoma ni kama kutundika kandili isiyo na mafuta: hupamba ukuta, wala haikuoneshi njia. Wengi wanaolitaja jina la Hayy hawajui mwisho wa hadithi yake, na mwisho ndio wenye mashaka, kama tutakavyoona.

Sifa ya kwanza ya kitabu hiki ni kwamba kimeiheshimu akili. Hayy hakuambiwa "usiulize". Aliuliza, na kuuliza kukamfikisha kwa Mola wake. Mzazi anayemkemea mtoto kwa sababu ameuliza kwa nini mwezi hupungua, au kwa nini tunaelekea kibla, na akisome kitabu hiki aone haya.

Sifa ya pili ni ndogo kuonekana, nasi twaona ndiyo iliyo kubwa zaidi. Utafutaji wa Hayy haukuanza kwa kiburi wala kwa kutaka kujua tu. Ulianza kwa mapenzi. Alimpasua paa kifua kwa sababu alitaka mama yake afufuke. Elimu ya kwanza aliyoipata ilitokana na huruma. Mwandishi hakulisema jambo hili kwa sauti, lakini limo ndani ya hadithi kama chumvi ndani ya mchuzi.

Nuru ya Königsberg

Sasa tutazame upande wa pili. Mwaka 1783 kasisi mmoja wa Berlin, Johann Friedrich Zöllner, aliuliza katika jarida la mji ule: hiyo nuru inayotajwa na kila mtu ni kitu gani hasa? Mwezi wa Disemba 1784 likachapishwa katika jarida hilo hilo jibu la Immanuel Kant, mwalimu wa falsafa wa Königsberg. Kwa muhtasari alisema kwamba nuru ni mtu kutoka katika utoto aliojitakia mwenyewe. Hakukusudia utoto wa miaka. Alikusudia hali ya mtu mzima aliye na akili timamu, lakini kwa uvivu na woga akawaachia wengine wamfikirie: kitabu kimfahamie, kasisi amshikie dhamiri yake, tabibu amwambie ale nini. Na dawa yake, kwa rai ya Kant, ni ushujaa wa kutumia akili yako wewe mwenyewe, na watu kuachiwa uhuru wa kuhoji kwa kalamu mbele ya wasomaji wote, huku kila mtu akiendelea kulipa kodi na kutimiza wajibu wa kazi yake.

Msomaji asidhani kuwa maneno haya yote ni mageni kwetu. Kurani yawalaumu wale wanaosema kwamba wao watafuata waliyowakuta nayo baba zao, hata kama baba zao hawakuwa wakifahamu kitu (Al-Baqara, aya ya 170). Na katika Suratil Hadid, aya ya 13, tunasimuliwa kwamba Siku ya Kiyama wanafiki watawaomba Waumini wawangoje ili wachote kidogo katika nuru yao, nao wataambiwa warudi nyuma wakajitafutie ya kwao. Nuru ya siku ile haiazimwi. Kila mtu atakwenda kwa taa aliyoijaza mafuta mwenyewe. Kwa hiyo Kant aliposema kwamba hapana mtu wa kumfikiria mtu mwingine, hakusema baya.

Lakini mtu hupimwa kwa vitendo na kwa maneno yake yote, si kwa yale mazuri peke yake. Mwaka 1764 Kant huyu huyu aliandika, akimzungumza mtu mmoja mweusi, kwamba weusi wake tangu utosini mpaka nyayoni ulikuwa ushahidi tosha kuwa alilolisema ni upumbavu. Tazama, ndugu msomaji! Mtu aliyekuja kuwafundisha walimwengu walipime neno kwa akili, yeye alilipima kwa ngozi ya msemaji. Na miaka 100 baada ya jibu lake kuchapishwa Berlin, mwezi wa Novemba 1884, katika mji ule ule wa Berlin yalikutana mataifa ya Ulaya kuzungumzia Afrika. Hapakuwa na Muafrika hata mmoja katika kikao kile. Miaka mitano baadaye, mwezi wa Disemba 1889, Abushiri bin Salim akanyongwa Pangani kwa kuwapinga Wajerumani, na waliomnyonga walidai kuwa wanaleta ustaarabu.

Haki ni haki, hata kwa usiyempenda. Kant hakuwaamrisha hao, na mwaka 1795, uzeeni mwake, aliandika kuwashutumu Wazungu kwa dhulma walizozifanya katika nchi za watu. Tunalolisema ni hili tu: ushujaa wa kutumia akili, ukikosa kitu cha kuiongoza akili yenyewe, waweza kumfanya mtu ajione yeye ndiye mtu mzima na wengine wote ni watoto wake. Hapo nuru hugeuka fimbo.

Jicho na jua

Wanavyuoni wetu walilifahamu jambo hili zamani. Imamu Ghazali (1058-1111) katika Al-Iqtisad anafananisha akili na jicho zima, na Kurani na jua. Anayeiacha akili akajidai kutosheka na nuru ya Kurani ni kama mtu aliyesimama juani amefumba macho. Hana tofauti na kipofu. Na anayejidai kutosheka na akili bila ya wahyi ni kama mwenye macho mazima usiku wa kiza. Mfano huu mmoja wamtosha mwenye kutaka kufahamu.

Na Ghazali hakusema haya kwa kusikia. Katika Al-Munqidh anatueleza jinsi alivyoshikwa na maradhi ya shaka kwa muda wa karibu miezi miwili, hata asiamini anachokiona wala anachokifikiri, na kwamba hakuponywa kwa kupanga hoja. Aliponywa kwa nuru aliyoitia Mwenyezi Mungu kifuani mwake. Baadaye, mwaka 1095, akaiacha Madrasa ya Nidhamiyya ya Baghdad na heshima zake zote, akaenda kutafuta usafi wa moyo Sham, Baytul Muqaddas na Makka. Habari hii watu huipenda sana. Lakini iko sehemu ya pili ambayo husahauliwa: mwaka 1106 alirudi kufundisha, katika mji wa Nishapur. Alirudi kwa watu.

Inkishafi ya kwetu

Na sisi watu wa mwambao tunalo neno letu wenyewe katika jambo hili. Sayyid Abdalla bin Ali bin Nasir wa Pate, aliyeishi karne ya 18 na mwanzo wa karne ya 19, alikiita kitabu chake Al-Inkishafi, yaani kufunuka. Wengi wetu tumelelewa tukizisikia beti zake, tukazipenda kwa utamu wake, tusitaamali habari ya taa zilizomo ndani yake. Mshairi anatupitisha katika majumba ya Pate ya zamani: taa za vioo na za shaba zikiwaka mpaka usiku ukawa kama mchana. Kisha anatuonesha majumba yale yale yamekuwa magofu, na popo wamening'inia. Na mumo humo anatukumbusha taa iliyo katika upepo.

Hapo iko hoja ambayo haimo kwa Kant wala kwa Ibn Tufayl. Pate hawakukosa mwangaza. Walikuwa nao mwingi, wa kununua kwa fedha. Kilichowapotea ni kufahamu kwamba taa ya ukutani si taa ya moyoni. Na mshairi hakusimama pembeni akawacheka. Aliusemeza moyo wake mwenyewe, akauuliza na wewe unangoja nini? Inkishafi ni kufunuka kwa aibu ya nafsi kabla ya aibu ya jirani. Mwenye mwangaza asiyejiona mwenyewe kwa mwangaza wake, huyo amewasha taa akaigeuzia wenziwe machoni.

Mwisho wenye mashaka

Sasa turudi kwa Hayy na mwisho wa hadithi yake.

Yuko kijana mmoja wa mtaani kwetu aliyekisoma kitabu hiki chuo kikuu, kwa Kiingereza. Alirudi amekipenda mno, na alichokipenda zaidi ni mwisho wake. Akaacha kuhudhuria darsa, akaacha kukaa barazani. Tukimwuliza, hucheka na kusema: "Mimi ni Hayy, nyinyi ni watu wa Salaman. Shikeni sharia zenu, niacheni na kisiwa changu." Jioni moja alituhadithia hadithi yote nyumbani kwao, na bibi yake akisikiliza huku akichambua mchele. Bibi huyo hajui kusoma herufi za Kizungu, lakini Kurani anaisoma na Inkishafi anayo moyoni. Alipomaliza, bibi akamwuliza maneno machache tu: "Mjukuu wangu, huyo bwana alipokuwa mchanga nani alimnyonyesha? Na kusema nani alimfundisha?"

Kijana hakujibu. Nami tangu siku ile nimekuwa nikilifikiri swali lile, kwani naona ndilo hukumu bora ya kitabu hiki niliyopata kuisikia. Husemwa kwamba Hayy alijifunza peke yake; hata jina alilokipa kitabu mfasiri wa Kilatini ni hilo, mwanafalsafa aliyejifundisha mwenyewe. Lakini hakuwa peke yake. Paa alimpa maziwa na mapenzi. Absal alimpa lugha. Mtume ambaye hakupata kumwona alimpa sala na saumu. Kisha yeye, alipokataliwa na kundi moja la watu, akawakata wote.

Tena liko jambo jingine ndani ya kitabu chenyewe. Kabla ya kukutana na Absal, Hayy alijiwekea wajibu wa kuziiga nyota katika kuwafaa viumbe. Akiona mmea umezibwa usipate jua, huondoa kinachouziba. Akiuona unakufa kwa kiu, huumwagilia maji. Mwenye subira hii kwa mche, vipi akose subira kwa binaadamu? Mche haukumpa kinyongo, ni kweli, lakini pia hakuuambia mche: "Mimi naona usichokiona." Huenda watu wa Salaman hawakuikataa nuru. Huenda walikataa namna ilivyoletwa, na mgeni aliyefika jana tu kwao akaanza kuwarekebisha wateule wa mji, asiwahi kukaa na maskini wala mjane wala mtoto. Hata wanawake wa kisiwa kile hatuwasikii wakisema neno moja.

Huu si ukosoaji wetu peke yetu. Katika karne ya 13 Ibn al-Nafis, tabibu mkubwa aliyefariki Cairo mwaka 1288, aliandika hadithi ya namna hii, ya mtu aitwaye Kamil aliyekulia kisiwani. Lakini Kamil, walipofika watu wa chombo na kumpa nguo na chakula kilichopikwa, alifahamu kwamba binaadamu hatimii ila kwa kuishi na wenziwe, na kuishi na wenziwe kunataka sharia, na sharia inataka Mtume. Kwa Hayy, watu ni mzigo juu ya nuru. Kwa Kamil, watu ni sehemu ya kuifikia.

Na mizani yetu kubwa ni Mtume wetu (S.A.W.). Yeye naye alikuwa na upweke wake katika pango la Hira. Huko ndiko ilikoshuka Iqra. Kama kuna aliyekuwa na haki ya kubaki mlimani, ni yeye. Lakini aliteremka akitetemeka, akaenda nyumbani kwake, na wa kwanza kumweleza akawa mkewe Bibi Khadija (R.A.). Nuru ya Hira iliingia kwanza ndani ya nyumba, kisha ikatoka sokoni, ikapigwa mawe Taif, isikate tamaa. Muhammad Iqbal, mwanafalsafa wa Bara Hindi, katika mihadhara yake iliyochapishwa mwaka 1930, ametaja kwamba hapa ndipo walii na Mtume wanapotofautiana: walii akifika hapendi kurudi, na Mtume hurudi ili aigeuze dunia. Na Kurani katika mwanzo wa Sura Ibrahim inasema kwamba Kitabu kimeteremshwa ili awatoe watu kizani awapeleke kwenye nuru. Kimeteremshwa kwa ajili ya watu.

Kwa insafu, hata Ibn Tufayl yaelekea alilijua hili. Mwisho wa kitabu anakiri kwamba waliomtangulia waliyaficha mambo haya, na kwamba yeye ameyadhihirisha kwa sababu ya rai potofu zilizoenea zama zake, akayaachia pazia jepesi tu. Yaani Hayy alikimbia, lakini aliyemwandika Hayy hakukimbia. Alikaa katika mji, akatibu wagonjwa, akaandika hadithi ili anayetaka apite njiani. Tukitaka kumfuata mmoja wa wawili hawa, basi na tumfuate mwandishi.

Kwetu sisi mfano hauko mbali. Sheikh Al-Amin bin Ali Mazrui (1891-1947) alikuwa na elimu ambayo ingemtosha kukaa na vitabu vyake na wateule wake. Badala yake alianzisha Sahifa mwaka 1930 na Al-Islah mwaka 1932 pale Mombasa, akaandika Kiswahili kinachofahamika, akawaambia watu maneno ambayo wengi hawakupenda kuyasikia. Na Sheikh Abdulla Saleh Farsy alipotoa Qurani Takatifu mwaka 1969, maana ya Kurani iliingia katika nyumba ambazo wenyewe hawakuwa na njia ya kusoma tafsiri za Kiarabu. Hawa waliondoa kilichoziba mche.

Basi, ndugu msomaji, tufupishe. Nuru ina jicho na ina jua. Usifumbe la kwanza wala usilikimbie la pili. Haiazimwi, kwa hiyo jitafutie, na mwachie mwanao aulize. Ukiipata, ianzie nafsi yako kabla ya jirani. Kisha irudishe nyumbani. Ikiwa elimu uliyoipata imekufanya uone tabu kukaa na mama yako, au kuwasikiliza wazee msikitini, au kumfafanulia mtoto wa jirani hesabu zake, jikague kabla hujawahukumu wao. Na wewe uliyebaki mtaani, usimchekee msomi usoni na kumkataa moyoni, kama walivyofanya watu wa Salaman. Huenda amekuja na lililo kweli.

Yule kijana bado anakipenda kitabu chake, nasi hatumlaumu. Kitabu ni kizuri. Lakini sijamsikia tena akijiita Hayy.

Mwenyezi Mungu atutie nuru katika nyoyo zetu, katika macho yetu na katika majumba yetu, wala asitufanye wenye kuificha. Amin.

Wabillahi Tawfiq.